Vita Vilivyojificha Katika Fani: Wasanii na Wanamichezo Waliovaa Sare, na Msomaji wa Fizi na Baraka

Kumekuwa na desturi, magazetini na hata katika madarasa ya fasihi, ya kuwataja watu mashuhuri waliopata kuwa askari kana kwamba sare ni pambo tu la wasifu wao. Husimuliwa kwamba mpiga masumbwi Joe Louis aliingia jeshi la Marekani mwaka 1942 akiwa bingwa wa dunia, au kwamba kiongozi wa bendi Glenn Miller alipotea na ndege yake Desemba 1944, katika safari ya kutoka Uingereza kwenda Ufaransa, akiwa na cheo cha meja. Orodha za namna hii hufurahisha, na pengine ndiyo maana huendelea kuandikwa. Lakini hazimfundishi msomaji jinsi ya kuisoma kazi ya msanii aliyepita jeshini. Swali linalomhusu mhakiki si kwamba fulani alikuwa askari. Swali ni kwamba vita alivyovipitia vimo wapi katika kazi yake.

Makala haya yanalishughulikia swali hilo kwa kumwangalia zaidi mwanamuziki mmoja wa Kenya, Fundi Konde, na kisha kuuliza mfano wake unamfaa vipi mtu anayekusanya na kuhakiki nyimbo katika wilaya ya Fizi na mji wake wa Baraka, Kivu ya Kusini. Kutoka Rabai hadi Baraka ni mbali, lakini njia ya kuzifikia nchi hizo mbili ilikuwa moja, nayo ni njia ya askari.

Tangu miaka ya 1970 uhakiki wa Kiswahili umezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui. Mgawanyo huo umesaidia sana, lakini umezaa mazoea mabaya: mwanafunzi hukimbilia maudhui kwanza, akitafuta dhamira kama mtu anayetafuta sarafu mchangani, na fani huachiwa aya ya mwisho, pamoja na tamathali za usemi zilizohesabiwa. Msomaji wa aina hiyo akipewa nyimbo za askari wa zamani atatafuta bunduki, mitaro, maiti na ushujaa. Asipoviona atahitimisha kwamba mwimbaji hakuwa na la kusema juu ya vita. Fundi Konde ni ushahidi kwamba hitimisho hilo si sahihi.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 katika nchi ya Wagiriama, nyuma ya pwani ya Kenya, akafariki mwaka 2000. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alijiunga na kikosi cha burudani cha King's African Rifles, jeshi ambalo wasemaji wa Kiswahili waliliita Keya. Kazi hiyo ilimfikisha Asia, ambako askari wa Afrika Mashariki walikuwa wakipigana na Wajapani. Vita hivyo havikuwa vya mchezo. Mnamo tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, na karibu watu 1,300 waliangamia, wengi wao wakiwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Katika nusu ya pili ya mwaka huo huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipenya bonde la Kabaw huko Burma katika majira ya mvua, na ilipofika Desemba ikauvuka mto Chindwin. Watu waliotoka huko ndio waliokuwa hadhira ya kikosi cha burudani.

Inafaa msomaji wa Kongo akumbuke kwamba watu wa nchi yake hawakuwa mbali na hadhira hiyo. Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, lilipigana na Waitaliano huko Abisinia hadi Jenerali Gazzera aliposalimu amri Saio, Julai 1941. Baadaye kituo cha matibabu ya majeruhi kilichoundwa na Wakongo kilifika Burma na kuhudumu pamoja na majeshi ya Afrika Mashariki. Mtu aliyekuwa akimfunga bendeji askari wa Keya aliweza kuzungumza naye kwa Kiswahili iwapo alitoka mashariki ya Kongo. Historia za kijeshi huandika kidogo sana juu ya mazungumzo ya aina hiyo, ijapokuwa kwa mwanaisimu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko orodha ya vikosi.

Baada ya vita Fundi Konde alifanya kazi Nairobi na Peter Colmore, Mzungu aliyekuwa ameshughulika na burudani za askari na ambaye aliunda bendi ya Waafrika iliyopiga muziki wa dansi. Zikafuata santuri za kampuni ya HMV. Vibao vyake vinavyokumbukwa ni kama "Majengo Siendi Tena", "Mama Sowera", "Kipenzi Waniua-ua" na "Jambo Sigara". Anayetafuta Burma katika majina hayo hataiona. Ataona mtaa, mpenzi, sigara. Mtunzi aliyevalishwa sare na kuvushwa bahari anarudi na kuimba habari za mji na mahaba.

Ni vema kumlinganisha na Shaaban Robert. Huyu hakwenda vitani. Alikuwa karani wa serikali Tanganyika. Hata hivyo, ndiye aliyetunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi ndefu ya maelfu ya beti inayosimulia vita vya 1939 hadi 1945, iliyochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Basi raia aliyekaa ofisini alivitia vita vyote katika maneno, na mwanamuziki aliyevaa sare hakutia hata kimoja. Mkabala wa maudhui utampa Shaaban Robert alama zote, na kumwacha Fundi Konde kama mtumbuizaji tu. Lakini utenzi ule, kwa fani yake, ungeweza kutungwa karne moja kabla: vina, mizani na mtiririko wa masimulizi ni vile vile vya tendi za pwani. Vita vimeingia katika habari yake bila kuigusa bahari yake. Nyimbo za Fundi Konde ziko kinyume: hazisemi vita, lakini pasipo vita zisingekuwa na umbo zilizo nalo.

Umbo hilo ni lipi? Kwanza ni lugha. Mgiriama aliyeimbia askari waliotoka Nyasa, Ukambani, Unyamwezi na Acholi hakuweza kuwaimbia kwa Kigiriama. Alihitaji Kiswahili chepesi, chenye sentensi fupi na msamiati wa mtu aliyeko safarini, kilichoeleweka mara moja na mtu ambaye hakuzaliwa nacho. Pili ni ala na midundo. Kambini mpigaji alisikia rumba, foxtrot na nyimbo za sinema kwa pamoja, akawajibika kuzipiga zote kwa hadhira iliyochoka. Fundi Konde anatajwa miongoni mwa wapigaji wa mwanzo wa gitaa la umeme nchini Kenya, na mpigaji wa namna hiyo hakulelewa na ngoma ya kijiji kimoja. Tatu ni urefu. Santuri ilikuwa na dakika zipatazo tatu za upande mmoja, na msanii aliyezoea kuitumbuiza kambi kwa vipande vifupi alikwisha kufuzu nidhamu hiyo kabla hajaingia studio. Bendi ya Rhino, ambayo asili yake ni wanamuziki wa burudani za Keya kutoka Uganda na ambayo ilihamia Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1940, ilitumia fani iyo hiyo: mashairi ya Kiswahili juu ya midundo ya Amerika ya Kilatini.

Mtu anaweza kupinga kwamba haya yote yangetokea hata bila vita, kwa nguvu ya biashara ya santuri peke yake. Pingamizi hilo lina uzito. Huko Katanga gitaa lilistawi migodini na mijini, na Mwenda Jean Bosco hakuhitaji jeshi ili awe fundi wa gitaa. Lakini tazama jinsi njia zilivyokutana: Colmore yule yule baadaye alifanya kazi Nairobi na Édouard Masengo wa Katanga, na Bosco naye aliletwa Nairobi kwa ajili ya matangazo ya dawa ya Aspro. Utaratibu wa kumweka mwanamuziki jukwaani ili auze kitu kwa umati wa makabila mengi haukubuniwa na wauza dawa. Jeshi lilikuwa limekwisha kuutumia. Wakati wa vita Kamandi ya Afrika Mashariki ilikuwa na kikosi cha propaganda kilichozunguka vijijini kikionyesha mazoezi ya viungo, silaha na gwaride, ili wananchi waone jinsi kijana wao anavyobadilika akiingia Keya. Mwanamichezo na mtumbuizaji walikuwa chambo, na kilichouzwa kilikuwa ni uaskari wenyewe.

Kosa jingine la kuepukwa ni lile la kukifanya kimya cha mtunzi kuwa kidonda. Ni rahisi kudai kwamba Fundi Konde aliimba mapenzi kwa sababu vita vilimuumiza mno asiweze kuvitaja. Madai hayo hayana ushahidi katika nyimbo zenyewe, nayo humgeuza mtunzi kuwa mgonjwa wa mhakiki. Afadhali kusoma kilichopo. Chukua jina "Majengo Siendi Tena". Majengo yapo Nairobi, yapo Mombasa, yapo Moshi. Ni jina la mtaa wa Waafrika katika miji iliyokuzwa na ukoloni. Majengo ya Pumwani, Nairobi, yalijulikana kwa vyumba vya kupanga, pombe na wanawake waliojitegemea, na askari wa vita vya pili walikuwa miongoni mwa wateja wake. Luise White ameueleza uchumi huo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1990. Kielezi "tena" katika jina la wimbo kinamfanya anayesema kuwa mtu aliyekwisha kwenda, mwenye mshahara wa kumpeleka. Katika Nairobi ya miaka ile, kijana mwenye fedha taslimu na usiku wa kuzitumia mara nyingi alikuwa askari au aliyetoka uaskarini. Vita vimo katika neno moja la silabi mbili, na mhakiki wa dhamira amelipita.

Haya hayakuanza na Vita vya Pili. Terence Ranger, katika utafiti wake wa 1975 juu ya ngoma ya beni, ameonyesha jinsi ngoma hiyo ya pwani ilivyosambazwa na askari na wapagazi wakati wa Vita vya Kwanza, ikiwa na vyama vyake vya Marini na Arinoti, vyeo vya kijeshi, sare na kwata. Ilifika hadi Kongo. Wapo waliocheka na kusema kwamba ni Waafrika kumwiga Mzungu. Ranger alikataa, na alikuwa na haki ya kukataa: anayepanga gwaride lake mwenyewe, akampa jirani yake cheo cha jenerali, ameichukua amri na kuigeuza kuwa mchezo wake. Hata hivyo Ranger ni mwanahistoria; hakusikiliza sana lugha. Neno "beni" lenyewe ni "bendi" ya Kiingereza iliyotafunwa na kambi. Vivyo hivyo "kwata", "gwaride", "kombania" na "koplo". Kamusi ya dansi ya Kiswahili na kamusi ya jeshi zilitoka katika mfuko mmoja.

Upande wa michezo hauhitaji maneno mengi, kwa kuwa mwili hauachi matini. Mfano wa karibu hauvutii kuusifu: Idi Amin aliingia Keya mwaka 1946 na alikuwa bingwa wa masumbwi wa Uganda, katika uzani wa pili kutoka juu, tangu 1951 hadi 1960. Umaarufu wake wa kwanza ulikuwa wa ulingoni, na jeshi ndilo lililomjengea ulingo. Mwishoni mwa 1978, majeshi yake yakiwa yameivamia Kagera, alijitolea kupigana masumbwi na Nyerere ili vita viishe, Muhammad Ali awe mwamuzi. Dunia ilicheka. Aliyetakiwa kuwa mwamuzi ni mtu ambaye mwaka 1967 alikataa kuingia jeshi la Marekani, akanyang'anywa ubingwa wake, na ambaye umati wa Kinshasa ulimshangilia Oktoba 1974 kwa kelele za Kilingala zenye maana ya "muue". Mwanamichezo aliyepokewa kwa shangwe kuliko wote waliopata kukanyaga Kongo hakuwa askari kwa hiari yake mwenyewe, na bado alishangiliwa kwa lugha ya kuua. Mwanafunzi wa pragmatiki hatakosa kazi hapo.

Sasa Fizi na Baraka. Nchi hii ya Wabembe, iliyo baina ya milima na Ziwa Tanganyika, imesikia Kiswahili cha kijeshi kwa vipindi. Kwanza ni Vita vya Kwanza, wakati majeshi ya Kibelgiji yalipolitwaa bandari la Kigoma ng'ambo ya ziwa na kuingia Tabora Septemba 1916, na mizigo ikibebwa na wapagazi. Kisha ni uasi wa Simba wa 1964 na 1965, wenye kilio chake cha "Mai" na dawa ya kumkinga mpiganaji na risasi. Kisha ni miaka ya chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, kilichoanzishwa Desemba 1967 na kujenga kambi yake milimani mahali palipoitwa Hewa Bora. Kisha vita vya 1996 na vile vilivyoanza 1998. Katikati ya vipindi hivyo askari wa serikali walikuwa wakiamrishwa kwa Kilingala. Hivyo Kiswahili cha amri kilikuja Fizi mara nyingi kama lugha ya upande wa pili.

Askari maarufu kuliko wote waliowahi kuhudumu huku alikuja bila jina. Ernesto Che Guevara, ambaye katika ujana wake alicheza raga na kuhariri jarida la mchezo huo liitwalo Tackle, alivuka kutoka Kigoma Aprili 1965 akaondoka Novemba ya mwaka huo. Kwa muda huo alikuwa Tatu. Wakubwa wenzake wawili walikuwa Moja na Mbili, na wengine wakapewa tarakimu zilizofuata. Mara nyingi jambo hili hutajwa kama kituko. Kwa mwanaisimu ni jambo zito: umaarufu, ambao kazi yake ni kumtenga mtu na wenzake, umefutwa kwa nomino ya idadi. Hata hivyo haukufutika kabisa, kwa maana Tatu si cheo cha wa tatu katika hadithi zinazosimuliwa leo. Namba imekuwa jina, na jina limerudisha umaarufu. Baraka na Fizi zilishambuliwa na kutwaliwa na jeshi la serikali pamoja na mamluki wa Mike Hoare kabla mwaka huo haujaisha.

Neno la pili la kutazamwa ni "kadogo". Katika Kiswahili Sanifu udogo huundwa kwa ki-: kitoto, kijiji, kidogo. Kiambishi ka- ni cha lugha za bara, na Kiswahili cha Kongo kimekipokea bila aibu. Kadogo ni mtoto wa nyumbani, mdogo wa kupendwa. Tangu 1996 neno hilo limekuwa jina la mtoto mwenye bunduki, na mwito wake "afande" umekuja pamoja naye kutoka mashariki. Hakuna kilichobadilika katika umbo la neno. Upole wa ka- umebaki pale pale, na ndio uliolifanya lifae kazi yake mpya: watoto waliitwa vitani kwa neno la mapenzi. Hapa ndipo suala la fani linapoacha kuwa la kitaaluma tu. Ikiwa wimbo wa kambini humfanya kijana atembee mbali bila kuchoka, uzuri wa wimbo huo ni sehemu ya usajili. Mhakiki anayeusifu mdundo wake hana budi kusema pia mdundo ulimpeleka nani, wapi, na kwa umri gani. Akikataa kuusifu kwa sababu hiyo atakuwa anadanganya juu ya uzuri wake. Akiusifu bila kusema hayo atakuwa anaendeleza kazi ya kile kikosi cha propaganda. Njia ya katikati haipo, ila kusema yote mawili katika sentensi moja.

Kwa mtu anayekusanya nyimbo Fizi na Baraka, au miongoni mwa watu wa huko waliokimbilia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tangu 1996, mambo haya yana matokeo ya moja kwa moja. Asiombe "nyimbo za vita" tu, maana atapewa zile zilizotungwa ili zijulikane kuwa za vita, na nyingine hazitatajwa. Aombe nyimbo za mapenzi, za mpira, za kuvuta nyavu, za harusi. Amwulize mwimbaji alizijifunza wapi, kwa nani, na akiwa amevaa nini. Asikilize hesabu ya hatua iliyo chini ya mdundo, neno la amri lililogeuzwa kiitikio, ka- mahali ambapo pwani ingeweka ki-. Nyimbo za bendi za majeshi ya Tanzania, Mwenge Jazz na JKT Kimulimuli, nazo zina mahali katika mkusanyo huo, kwa sababu ziwa halikuwahi kuwa ukuta kwa redio. Kazi yenyewe haiwezi kungojea sana: kijana aliyekuwa na miaka ishirini Baraka ilipotwaliwa mwaka 1965 ana miaka themanini au zaidi sasa, na kadogo wa 1996 ni mtu mzima mwenye watoto, ambaye pengine huwabembeleza usiku kwa mdundo alioutoa kambini.